Robo Mzunguko

Tsuma aliniuzia elfu nane na nusu, mkanda akaubakisha.
"Gitaa chukua. Mkanda huu ni wangu."
Sikubishana. Hoteli aliyokuwa akipigia, kule barabara ya Casuarina,
ilifungwa, wenyewe wakarudi Italia,
bendi ikagawana vilivyogawanyika:
mmoja spika, mmoja nyaya,
mmoja ahadi ya mshahara.
Yeye besi.

Nimelilaza juu ya meza ya kukatia nguo,
chini nimetandika kanzu ya mteja asiyeonekana tangu Idi.
Nafumba jicho moja, naichungulia shingo kutoka mwisho
kama ninavyochungulia pindo:
imepinda. Nyuzi zimekaa juu,
paka angepita chini yake bila kuinama.

Nyuzi mpya ni kodi ya nusu mwezi.
Nikazivua hizo hizo, nikazitia sufuriani,
moto wa makaa, dakika kumi.
Maji yakawa chai ya mkandaa.
Kadzo akachomoza kichwa dirishani:
"Leo wapika nini?"
"Jasho la Tsuma."
Akacheka, akanusa, akaacha kucheka.

Rangi imelika pale kidole gumba kilipopumzika,
na pingili ya tano imechimbika kuliko zote,
uzi wa pili, hapo hapo,
miaka kumi na mitatu ya nyimbo zile zile za wageni
kila usiku baada ya kamba wa kuchoma.
Sikujua kama mtu aweza kuacha nyayo kwenye chuma
naye kasimama pale pale.

Zilipokauka nikazirudisha.
Ufunguo wa pembe sita nimeazima kwa Baya wa baiskeli,
mafuta ni ya cherehani.
Ndani ya shingo mna chuma kimelala,
hukioni, nacho usiku kucha kinabishana na nyuzi.
Kulia. Robo mzunguko. Basi.
Mkono ukawasha kuongeza,
lakini mbao si kitambaa:
ukiivuta leo, hujibu kesho.
Nikafunga duka, nikaenda kulala na hamu yangu.

Asubuhi nikabonyeza mwanzo, nikabonyeza mwisho,
katikati nikapenyeza kadi ya simu iliyokwisha kukwanguliwa.
Ikapita ikisugua.
Jana lilipita hata ganda la kiberiti.

Kidude cha sauti kilikuwa kikikwaruza
kama redio ya betri chovu; nilipokifungua
chumvi imeota ndani, nyeupe, laini.
Huku Muyeye hata kufuli hulamba bahari.
Spiriti kidogo, mswaki wa zamani.

Kisha pingili ya kumi na mbili:
gusa bila kubonyeza, halafu bonyeza,
sauti mbili ziwe mtu mmoja.
Zangu zilikuwa mtu na shemejiye.
Nikalirudisha daraja nyuma, unywele,
unywele tena, hadi wakasikizana.
Uzi wa tatu nimeuacha na ukaidi wake;
skrubu imeng'ang'aniwa na kutu, nami sina nyingine.

Spika sina. Nikaegemeza pembe ya gitaa
kwenye kabati la marehemu mama,
nikauvuta uzi mnene.
Henga zikatetemeka, na leso zake juu ya henga.
Niliisikia magotini kabla ya masikioni.

Jioni Tsuma akapita kuchukua suruali.
Habari ya gitaa hakuuliza.
Aliinama tu, akafumba jicho moja.
"Umegusa chuma?"
"Nimegusa."
"Robo?"
"Robo."
Akalipa, akaondoka, suruali akaisahau mezani.

Sasa nashona mkanda wangu, jinzi kuukuu, uzi maradufu.
Nimeupima begani kwangu,
kisha ndani ya pindo nikaacha akiba,
shibiri nzima,
kama tufanyavyo sare za watoto wa shule.